Kurudi Barabarani Baada ya Mvua: Majibu kwa Wanaojiandaa Kuendesha Baiskeli Kutoka Jinja Hadi Mbale

Mvua za vuli zinapokatika kuelekea Desemba, baiskeli nyingi za Busoga na Bugisu, mashariki mwa Uganda, hutolewa tena nje, cheni zikiwa na kutu na matairi yamelala. Waendeshaji nao wamelala kidogo: miezi ya matope, radi na barabara zilizokatwa imewaweka nyumbani. Huku kwetu hakuna theluji inayowasimamisha watu kama Ulaya, lakini mwili hautofautishi. Ukikaa, umekaa.

Maelezo haya yamekusanya maswali ya kawaida ya watu wanaotaka kusafiri kwa baiskeli kutoka Jinja hadi Mbale, safari ya kama kilomita 140 kwa kupitia Iganga, Namutumba, Tirinyi na Kamonkoli. Ni ya kila mtu: mwenye baiskeli ya gia, mwenye baiskeli ya kubebea matoke, mwanafunzi, mama mwenye duka, mzee aliyestaafu. Jambo moja litarudi katika majibu mengi, nalo tunalitanguliza: moyo na mapafu hurudi upesi, magoti na kano hurudi polepole.

KUANZA UPYA

Mwezi wa nane niliendesha kilomita 100 bila shida. Nimepoteza kiasi gani?

Umepoteza, ila si vyote. Katika utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 1984, wanamichezo walioacha mazoezi kabisa walipungukiwa na uwezo wa kutumia oksijeni kwa asilimia 7 hivi ndani ya siku 21, na kwa asilimia 16 hivi baada ya siku 56. Sababu ya kwanza ni kwamba sehemu ya majimaji ya damu hupungua, hivyo kila pigo la moyo husukuma damu kidogo kuliko zamani, na sehemu hiyo ndiyo huanza kurudi mapema ukianza tena.

Basi kwa nini nisianzie pale nilipoachia?

Kwa sababu viungo vya mwili havirudi pamoja. Damu hujaa tena ndani ya siku na wiki chache, misuli hufuata, lakini kano, yaani nyuzi ngumu zinazofunga misuli kwenye mifupa, hupata damu kidogo na huchukua miezi kuimarika.

Hapa ndipo watu wengi huumia, na tungependa msomaji akae na jambo hili. Wiki ya kwanza unahema, kwa hiyo unajizuia mwenyewe bila kuambiwa. Kufikia wiki ya tatu au ya nne pumzi imetulia, kilima kilichokushinda unakipanda ukizungumza, na rafiki anakualika mwende Kamuli na kurudi siku hiyo hiyo. Mapafu yanakubali. Goti halijaulizwa. Siku mbili baadaye maumivu yanaanza chini ya pia ya goti au nyuma ya kisigino, na mapumziko yaliyokuwa yameisha yanaanza upya, safari hii kwa lazima. Ukijisikia una nguvu nyingi katika wiki ya tatu, ihesabu kuwa dalili ya kuendelea na mpango wako ulivyo, bila kuongeza.

Nahitaji muda gani kujiandaa?

Kwa mtu mwenye afya aliyewahi kuendesha masafa, wiki 12 zinatosha. Ukianza mwanzoni mwa Desemba utakuwa tayari mwishoni mwa Februari, kabla mvua za masika hazijashika mwezi Machi. Asiyewahi kuendesha zaidi ya kilomita 20 kwa siku ajipe miezi mitano au sita, apumzike mvua zikizidi na kuendelea Juni na Julai.

Nipange vipi wiki hizo?

Endesha siku tatu au nne kwa wiki: siku mbili au tatu fupi za dakika 40 hadi saa moja, na siku moja ndefu, ambayo wengi huichagua iwe Jumamosi. Safari ndefu ziende hivi kwa kilomita, wiki baada ya wiki: 20, 25, 30, kisha shuka hadi 20, halafu 40, 50, 60, kisha shuka hadi 40, halafu 80, 100, kisha 50, na wiki ya 12 ndiyo safari yenyewe. Wiki za kushuka si za uvivu. Kano hujijenga wakati wa kupumzika, si wakati wa kukanyaga pedali.

Aliye Jinja anaweza kutumia njia ya Buwenge, yapata kilomita 50 kwenda na kurudi. Aliye Mbale ana njia ya kuelekea Kumi, ambayo ni tambarare na inafaa kwa siku za kilomita 80 na 100. Hakuna haja ya kuendesha kilomita 140 kwenye mazoezi. Aliyefikisha 100 akiwa na afya, na akala na kunywa vizuri njiani, atazimaliza 40 zilizobaki.

Sina saa wala kifaa cha kupima mapigo ya moyo. Nitajuaje kama mwendo wangu ni sahihi?

Zungumza. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatisha pumzi, mwendo ni mzuri, na sehemu kubwa ya mazoezi yako iwe hivyo. Ukiweza kutoa neno moja moja tu, punguza. Asubuhi kabla hujatoka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja; siku yatakapozidi kawaida yako kwa 10 au zaidi, mwili unapigana na uchovu au ugonjwa, basi pumzika.

Mimi nabeba abiria kwa baiskeli mjini Jinja kila siku. Kweli ninahitaji mazoezi?

Unahitaji machache kuliko wengine, lakini ya aina tofauti. Miguu yako imezoea uzito na safari fupi zenye kusimama. Haijazoea kukaa kwenye kiti kwa saa nane mfululizo, wala tumbo lako halijazoea kula huku ukiendesha. Fanya zile safari ndefu za Jumamosi bila abiria wala mzigo, na uache kazi nzito siku mbili kabla ya safari.

Nasikia mchezo wa baiskeli ni wa Wazungu.

Wapo wanaoamini hivyo kwa sababu mashindano wanayoyaona kwenye televisheni ni ya Ulaya. Lakini neno "boda boda", linalojulikana sasa kila mahali, lilizaliwa huku mashariki, kwa vijana wa baiskeli waliovusha watu na mizigo mpakani Busia. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kuvaa jezi ya kijani hadi mwisho, na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza barani Afrika.

Nimekuja likizo kutoka Ulaya, ambako nilikuwa naendesha baiskeli ya ndani wakati wa baridi. Niko tayari?

Miguu yako huenda iko tayari, lakini mwili haujazoea joto. Unahitaji siku 7 hadi 14 za kuendesha polepole juani ili ujifunze tena kutoa jasho mapema na kwa wingi. Usipange safari ya Mbale katika wiki ya kwanza ya likizo.

AFYA

Nani amwone daktari kwanza?

Mtu yeyote mwenye shinikizo la damu, kisukari, pumu au ugonjwa wa moyo, mjamzito, aliyepita miaka 45 na hajafanya mazoezi kwa muda mrefu, na yeyote aliyewahi kuzimia au kusikia maumivu ya kifua akijitahidi. Kumwona daktari si kuomba kukatazwa. Wengi huruhusiwa, wakapewa maelekezo ya dawa na mwendo.

Nina homa kidogo, nikitoa jasho itaisha?

Hapana, na tunaomba wazo hili liachwe. Huku kwetu, hasa Busoga, homa huanza kufikiriwa kuwa malaria, na malaria hupimwa kwa damu kabla ya dawa na kabla ya safari. Hata homa ya mafua, ukiilazimisha kwa mazoezi makali, inaweza kuleta uvimbe wa misuli ya moyo. Subiri homa iishe kabisa, kisha anza kwa safari fupi.

Niliambiwa nina nusu ya selimundu. Naruhusiwa kuendesha?

Selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, ni hali ya kurithi inayofanya chembe nyekundu za damu zijikunje kama mundu na kuziba mishipa midogo. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu huitwa mbebaji: kwa kawaida haumwi, na huenda asijue maisha yake yote. Katika upimaji wa kitaifa wa watoto wachanga uliofanyika Uganda mwaka 2014 na 2015, zaidi ya mtoto mmoja kati ya kumi alikuwa mbebaji, na mashariki ya nchi ilikuwa miongoni mwa sehemu zenye wabebaji wengi. Kwa hiyo swali hili linatuhusu sana.

Mbebaji anaweza kuendesha baiskeli, hata masafa marefu. Hatari kwake ni kujilazimisha ghafla akiwa hajajizoeza, kwenye joto, mwili ukiwa hauna maji. Hapo misuli inaweza kuumia vibaya na mtu kuanguka. Aongeze mwendo taratibu, anywe maji kabla ya kiu, asishindane vilimani, na akisikia misuli inalegea au inauma kwa namna isiyo ya kawaida asimame hapo hapo. Wenzake kwenye msafara wajue hali yake. Mwenye ugonjwa wenyewe, aliyerithi kwa wazazi wote wawili, asianze bila maelekezo ya daktari wake. Hospitali za rufaa za Jinja na Mbale ndiko pa kuulizia. Kupimwa si aibu, na jibu ni lako na daktari wako tu.

Maumivu gani niyavumilie?

Misuli inayouma pande zote mbili siku moja au mbili baada ya safari ni ya kawaida. Maumivu ya upande mmoja, ya sehemu unayoweza kuionyesha kwa kidole, au yanayozidi unapoendelea, yanakutaka usimame. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au mapigo ya moyo yanayoruka ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Naweza kumeza diklofenaki asubuhi ili nisisikie maumivu?

Tafadhali usifanye hivyo. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayofika kwenye figo, na mwili uliopungukiwa na maji juani unaweza kupata madhara makubwa. Isitoshe, dawa huficha maumivu ambayo yangekuambia usimame.

Ni kweli kwamba kuendesha baiskeli humfanya mwanamume kuwa tasa?

Kuendesha kwa kawaida hakujathibitishwa kuleta utasa. Chanzo cha hofu hii ni ganzi ambayo baadhi ya wanaume huisikia sehemu za siri baada ya kukaa muda mrefu, kwa kuwa kiti hubana neva na mishipa ya damu. Ganzi hiyo isipuuzwe: inuka kwenye kiti kila baada ya dakika kumi, shusha kidogo pua ya kiti, na ikiendelea kila safari mwone daktari.

Na mwanamke? Nyumbani wanasema baiskeli si yake.

Baiskeli haiharibu kizazi wala haimwondolei msichana heshima yake. Wanawake wengi vijijini hubeba maji na mazao kwa baiskeli, na hakuna sheria ya Uganda inayowakataza. Lililo la kweli ni la usalama: gomesi au kitenge kirefu hunaswa na cheni au spoku, hivyo vaa suruali au kaptura ndefu ndani, ukipenda ufunge kitenge juu yake na kukibana vizuri.

CHAKULA NA MAJI

Nimeonywa kwamba maji yakichezacheza tumboni huleta kichomi.

Onyo hilo lina chembe ya ukweli: ukinywa lita nzima kwa mara moja, tumbo litajaa na utasikia vibaya. Dawa yake ni kunywa mafunda machache kila baada ya dakika 15, si kuacha kunywa. Kwa hali ya hewa yetu, nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa inawatosha wengi.

Je, mtu anaweza kunywa maji kupita kiasi?

Ndiyo, ingawa ni nadra. Anayekunywa maji matupu mengi kwa saa nyingi bila chumvi hupunguza chumvi ya damu, akaumwa kichwa, akatapika na kuchanganyikiwa. Kula vitu vyenye chumvi kidogo, au tengeneza maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vya kusawazishwa.

Nile nini njiani?

Mwili unaoendesha saa nyingi huhitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, yaani chakula cha kutia nguvu. Ndizi mbivu ya ukubwa wa kati ina kama gramu 25, na njia yote ya Mbale ina wauza ndizi, viazi vitamu vya kuchemsha na chapati. Anza kula katika saa ya kwanza, kabla njaa haijaja. Njaa ikishakupata juu ya baiskeli, hukaa nawe hadi jioni. Rolex, ile chapati yenye mayai, ni nzuri kwa mapumziko marefu, lakini mafuta yake hukaa tumboni, kwa hiyo usiile kabla ya kilima. Karanga nazo ziache za jioni.

Soda, vinywaji vya kuongeza nguvu, au malwa kidogo?

Soda inaweza kusaidia nusu ya pili ya safari kwa sababu ya sukari, ukinywa pamoja na maji. Vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini nyingi, yaani kichangamshi kile kile cha kahawa, na huficha uchovu bila kuuondoa. Malwa, pombe ya ulezi, ni ya kukaa na wazee baada ya kufika. Pombe kabla ya kuendesha hupunguza maji mwilini na kulegeza maamuzi barabarani.

Tukirudi Jinja tumechoka, tunaruhusiwa kujitumbukiza ziwani au mtoni?

Twawashauri msifanye hivyo. Ziwa Viktoria na Nile ya huko Jinja zina kichocho, ugonjwa wa minyoo midogo inayotoka kwenye konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi ndani ya dakika chache. Aliyekwisha kuingia asihofu: aende kituo cha afya kupimwa, kwani dawa ya prazikwanteli inatibu.

BAISKELI YENYEWE

Baiskeli yangu ni ya chuma, haina gia. Itafika Mbale?

Itafika. Jinja na Mbale ziko karibu kimo kimoja, zaidi kidogo ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na njia ya Tirinyi haina milima mikubwa. Baiskeli nzito aina ya Roadmaster au Hero huweza kuzidi kilo 20, kwa hiyo punguza mzigo, toa keria usiyoihitaji, na panga mwendo wa kilomita 14 au 15 kwa saa badala ya kumfuata mwenye gia.

Kiti kiwe na urefu gani?

Kaa juu ya kiti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Kiti kilicho chini mno ndicho mwanzo wa maumivu mengi ya mbele ya goti. Weka alama kwenye chuma cha kiti kwa rangi ya kucha, ili fundi akikishusha ujue pa kukirudishia.

Fundi aangalie nini baada ya mvua?

Cheni isafishwe kwa mafuta ya taa, ikaushwe, kisha itiwe mafuta mepesi. Breki zishike zote mbili, spoku zikazwe, rimu isipinde, tairi lisiwe na nyufa pembeni, beringi za pedali na usukani zisigonge. Beba tyubu ya akiba, viraka, gundi, spana na pampu, nawe jifunze kuziba pancha mwenyewe nyumbani kabla ya siku hiyo. Katika bonde la Mpologoma, kati ya mafunjo na mashamba ya mpunga, fundi anaweza kuwa mbali.

Nataka kuendelea hadi Sipi siku ya pili. Breki zangu ni za vyuma vya kuvuta.

Panda ukitaka, lakini fikiria mteremko wa kurudi. Sipi iko juu ya Mbale kwa zaidi ya mita 600, na breki za vyuma vya kuvuta kwenye rimu ya chuma hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zikilowa. Zikiwa na unyevu, shuka kwa miguu au panda gari. Ukiwa na breki nzuri, bana na uachie mara kwa mara badala ya kushikilia moja kwa moja hadi chini.

BARABARA NA HAKI ZAKO

Mwenye baiskeli ana haki ya kutumia barabara kuu?

Anayo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1998 inamtambua mwendesha baiskeli kuwa mtumiaji wa barabara, na mwaka 2012 Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ilitoa sera ya kitaifa kuhusu watembeao kwa miguu na waendeshao baiskeli. Huhitaji leseni ya udereva. Unawajibika kukaa kushoto, kufuata alama na taa, kutoa ishara ya mkono kabla ya kukata kona, na kuwa na breki, kengele, taa mbele na kiakisi mwanga nyuma, yaani kile kipande chekundu kinachong'aa kikimulikwa.

Sehemu gani ya njia ni ya hatari zaidi?

Kutoka Jinja hadi Nakalama, nje kidogo ya Iganga. Hiyo ni barabara ya malori yaendayo Malaba na Busia, na mbele ya Jinja unakutana na matrekta na malori ya miwa ya Kakira, ambayo mzigo wake huzidi upana wa gari na miwa huanguka kwenye lami. Usilifuate trekta kwa karibu, wala usishike mkia wa lori ili likuvute. Vijana wengi wamekufa hivyo.

Ukingo wa lami una mahali ulipomomoka. Endesha hatua moja ndani ya lami, mahali dereva anapokuona, na usikie muungurumo wa nyuma. Ukisikia malori mawili yanapishana, toka nje kabisa usimame. Hakuna aliyewahi kuchelewa Mbale kwa sababu ya dakika hizo. Vipokea sauti vya masikioni viache mfukoni. Baada ya kukata kushoto Nakalama, magari makubwa hupungua, ila mabasi hukimbia, na matuta kwenye vituo vya biashara hayana alama kila mahali.

Tuondoke saa ngapi?

Ondokeni kukipambazuka, saa 12 na nusu asubuhi au baadaye kidogo, na mpange kufika kabla ya giza. Kwa mwendo wa kilomita 17 kwa saa mtaendesha saa nane na kidogo. Ongezeni saa mbili za kupumzika. Asiyefika Tirinyi kufikia saa 9 alasiri alale hapo au apande gari, kwa sababu barabara hiyo usiku haina taa wala huruma.

Mvua ikitukuta?

Ngurumo ikisikika, shuka kwenye baiskeli uingie ndani ya jengo au gari lililofungwa. Mwembe si kinga ya radi. Maji yanayovuka barabara msiyapime kwa ujasiri: usiku wa kuamkia 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale na kuua watu zaidi ya 20. Baada ya mvua za siku kadhaa msiende njia za mlimani upande wa Bududa na Bulambuli, ambako maporomoko ya udongo yamezika vijiji zaidi ya mara moja.

Tukiwa kundi kubwa, tuombe ruhusa?

Kundi la marafiki wanne au watano halihitaji. Mkiwa wengi, au mkitaka kuandaa msafara wa hadhara, andikeni barua mapema kwa wakuu wa polisi wa Jinja na Mbale, mkitaja tarehe, njia na idadi. Endesheni mstari mmoja, na kundi refu ligawanywe vipande vyenye nafasi ili magari yapite.

Askari akinisimamisha?

Simama, salimia, na uliza kwa heshima kosa lako ni lipi. Una haki ya kuelezwa sababu na kujua jina la askari. Ukitozwa faini, dai karatasi rasmi yenye maelezo ya mahali pa kulipia, na usimpe mtu fedha mkononi.

Mwenzetu akigongwa tufanye nini?

Kwanza zuieni ajali ya pili: mmoja arudi nyuma mita 50 au zaidi apunge nguo kuonya magari. Pigeni 999 au 112, simu za dharura za polisi. Aliyeumia shingo, mgongo au asiyejitambua asinyanyuliwe ovyo isipokuwa kuna hatari ya kugongwa tena. Damu inayotoka ibanwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Andikeni namba ya gari, rangi yake, mahali na saa, na majina ya mashahidi, na mpige picha kabla baiskeli haijasogezwa.

Hospitali inaweza kunikataa kwa kuwa sina fedha au sina karatasi ya polisi?

Hati ya haki za mgonjwa ya Wizara ya Afya inasema mtu wa dharura ahudumiwe bila kudaiwa malipo ya kutangulia. Hospitali za serikali ziliondoa ada za matibabu mwaka 2001, isipokuwa kwenye wodi za kulipia. Fomu ya Polisi namba 3, ambayo daktari hujaza majeraha yako kwa ajili ya kesi, ni muhimu na ifuatiliwe, lakini matibabu yanatangulia na fomu hufuata.

Nani atalipa?

Kila gari barabarani linapaswa kuwa na bima ya mtu wa tatu, yaani bima inayomlinda mtu aliyeumizwa na gari hilo. Ripoti ajali polisi siku hiyo hiyo, chukua namba ya kumbukumbu, tunza risiti zote za dawa na usafiri, kisha peleka madai kwa kampuni ya bima ya gari. Usikubali kumaliza jambo kwa maneno pembeni ya barabara kabla daktari hajakuona, kwani maumivu ya ndani hujitokeza baadaye.

Tukishafika Mbale, turudi kwa baiskeli kesho yake?

Hapana, hasa kama ni mara yako ya kwanza. Kunywa, kula mlo kamili jioni hiyo, uji wa ulezi au kalo na malewa yenye karanga vitakufaa, na utembee kidogo kabla ya kulala. Baiskeli irudi Jinja juu ya basi au teksi: kubaliana nauli ya mzigo kabla haijapandishwa, toa pampu na taa, geuza usukani ulale sambamba na fremu, na ushuhudie kwa macho yako inapofungwa kamba. Mazoezi yaanze tena baada ya siku nne au tano, kwa safari ya kilomita 20.